Mzee anayesahau: hesabu dawa alizonazo kabla ya kumwongezea nyingine

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tunazungumzia jambo linalozigusa nyumba nyingi, lakini husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni mzee wetu anapoanza kupotewa na kumbukumbu. Baadhi yetu husema ni uzee tu, wengine husema karogwa. Wapo pia wanaokimbilia duka la dawa kutafuta kidonge cha kumrudishia akili. Hao wa mwisho ndio tunaotaka kuzungumza nao zaidi, kwa sababu kidonge kinachomfaa mzee wa jirani kinaweza kumwangusha mzee wako.

Tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kufundishia, lakini kila mwenye mzee nyumbani atauona unafanana na kwake. Bibi mmoja wa miaka 76 anaishi Nambis, huko Mbulu, pamoja na mwanawe na mkwewe. Ana presha na anatumia atenololi. Ana pumu, ambayo humbana zaidi msimu wa baridi. Magoti yanamuuma, hivyo kila akienda mnadani hurudi na pakiti ya diklofenaki. Usiku hapati usingizi, na mjukuu humpa Piriton ili alale. Mwaka huu ameanza kuuliza swali moja mara tano. Anasali Adhuhuri, akimaliza anauliza kama ameshasali. Juzi alitoka kwenda kwa jirani akapotea njia aliyoipita kwa miaka 50. Mwanawe amesikia kwamba mjini kuna dawa ya kusahau, anataka kuuza mbuzi akainunue.

Je, aende? Tusubiri kidogo, ndugu msomaji. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, kisha dawa zake, halafu tutarudi kwa bibi huyu.

UGONJWA WENYEWE

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo ubongo unapoteza uwezo wake kidogo kidogo: kumbukumbu, lugha, hesabu, kujua njia, kujihudumia. Ulio mkubwa kati ya magonjwa yanayoileta ni ule wa Alzheimer, unaoitwa kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Upo mwingine unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa wenye presha, kisukari na waliopata kiharusi. Upo unaoambatana na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, na upo mwingine wa jamii hiyo unaoitwa wa Lewy, ambapo mgonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Hai si mbali na sisi watu wa Manyara. Maisha ya mkulima wa kule hayatofautiani sana na ya mkulima wa Mbulu au Hanang.

SI KILA KUSAHAU NI DEMENSIA

Hapa ndipo familia nyingi hukosea hatua ya kwanza. Yapo maradhi yanayomfanya mzee asahau au achanganyikiwe ambayo yana tiba yake. Ukimpa dawa ya demensia mzee mwenye maradhi hayo, umepoteza fedha na umeuacha ugonjwa wa kweli uendelee. Miongoni mwake ni haya:

1. Maambukizi, kama ya njia ya mkojo, ya mapafu, au malaria. Mzee aliyekuwa timamu Ijumaa akaanza kuweweseka Jumapili hana demensia iliyoanza juzi. Huyo ni mgonjwa wa dharura, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

2. Sukari kushuka. Mzee anayetumia vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi na halafu hali vizuri, sukari yake hushuka. Atatokwa jasho, atatetemeka na ataongea ovyo.

3. Tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, na upungufu wa vitamini B12. Wanaotumia metformini kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa vitamini hiyo.

4. Damu iliyovia kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka. Mzee anaweza kuanguka leo na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye.

5. Huzuni kubwa, hasa baada ya kufiwa. Mwenye sonona hukaa kimya, hasikilizi, kwa hiyo hakumbuki.

6. Virusi vya Ukimwi na kaswende. Tusione haya kuwapima wazee wetu. Maradhi hayaangalii mvi.

7. Dawa zenyewe. Hii tutaieleza kwa urefu hapa chini, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo letu.

Kwa ndugu zetu wa Mbulu kuna jambo moja zaidi. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom katika miaka ya 2000 walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo walikuwa na mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo. Msomaji atasema, sisi nguruwe hatumli. Ni kweli, lakini mabuu ya kwenye ubongo hayatokani na kula nyama hiyo. Yanatokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huyo tumboni. Yanaweza kufika kwenye mboga, kwenye maji na kwenye mikono ya mpishi. Kwa hiyo choo, maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni vinamhusu kila mtu. Mzee anayesahau na pia anapata degedege au kifafa kilichoanza ukubwani, daktari lazima aambiwe yote mawili.

DAWA ZILIZOPO NA ZINAVYOFANYA KAZI

Ndugu msomaji, tuseme wazi: hakuna dawa inayoponya demensia. Zilizopo husaidia kiasi, kwa baadhi ya watu, kwa muda. Mzee anaweza kuwa macho zaidi au kuendelea kujivalisha nguo kwa miezi kadhaa ya ziada. Si jambo dogo kwa familia, lakini si muujiza.

Kundi la kwanza lina dawa tatu: donepezili, rivastigmini na galantamini. Katika ubongo kuna kemikali inayoitwa asetilikolini, nayo hupeleka ujumbe wa kumbukumbu kutoka seli moja kwenda nyingine. Katika ugonjwa wa Alzheimer kemikali hiyo hupungua. Dawa hizi huzuia ile iliyobaki isivunjwe haraka.

Tatizo ni kwamba asetilikolini haiko kichwani tu. Kwenye moyo hupunguza kasi ya mapigo. Kwenye mapafu hubana njia za hewa. Kwenye tumbo huongeza asidi. Kwenye kibofu huleta haja ya kukojoa. Ukiiongeza kwa ajili ya ubongo, umeiongeza kote. Ukishika jambo hili moja, utaelewa mwenyewe kwa nini mwenye pumu, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye mapigo dhaifu ya moyo wanahitaji tahadhari.

Kundi la pili lina dawa moja, memantini. Hii hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hupewa zaidi wale ambao ugonjwa wao wa Alzheimer umefika katikati au umekuwa mkali. Haibani kifua wala haiongezi asidi ya tumbo. Lakini hutolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo mwenye figo mbovu hujaa dawa.

Zipo pia dawa mpya za kudungwa, lekanemabu na donanemabu, zilizoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na 2024. Ni za wagonjwa walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa wa Alzheimer. Zinahitaji picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake. Ukisikia mtu anakuuzia vidonge vya dawa hizo, mkimbie. Si vidonge.

UGONJWA MWINGINE UNAVYOAMUA DAWA

Sasa tuupitie mwili wa mzee kiungo kwa kiungo. Msomaji mwenye mzee nyumbani aweke alama pale panapomhusu.

Moyo. Kundi la kwanza hushusha mapigo ya moyo. Mzee ambaye tayari anatumia atenololi, bisoprololi, propranololi au digoksini yuko katika hatari zaidi, kwa kuwa nazo hushusha mapigo. Mapigo yakishuka mno, damu haifiki kichwani, mzee huzimia, huanguka na kuvunjika nyonga. Kabla ya kuanza, mgonjwa wa moyo au aliyewahi kuzimia afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Nyumbani mnaweza kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima mkitazama saa. Yakiwa chini ya 60, mwelezeni daktari. Yakiwa chini ya 50, au mzee amezimia, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa na daktari.

Kifua. Mwenye pumu, au mwenye mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku au moshi wa kuni wa miaka mingi, anaweza kubanwa zaidi na kundi la kwanza. Haina maana ni haramu kwake, lakini daktari ajue, na familia iwe tayari kurudi mara moja kifua kikianza kupiga filimbi.

Tumbo. Kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula ni kawaida katika wiki za kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayemeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, anaweza kutoka damu tumboni. Choo cheusi kama lami ni dalili ya hatari. Mara nyingi jibu ni kuiacha dawa ya maumivu, na kutumia parasetamoli kwa kipimo alichoambiwa.

Uzito. Mzee aliyekonda tayari anaweza kukonda zaidi. Apimwe uzito kila mwezi, hata zahanati ya kijiji ina mizani.

Kibofu. Mzee mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba na mkojo unaokatika asianzishwe dawa ya kundi la kwanza bila daktari kujua hilo.

Figo na ini. Kipimo cha damu cha kreatinini huonyesha kazi ya figo. Figo zikiwa zimedhoofu sana, memantini hupunguzwa hadi nusu ya dozi ya kawaida, na galantamini huachwa. Galantamini huachwa pia kwa mwenye ini lililoharibika sana. Anayetumia memantini asibugie poda za kiungulia zenye sodiamu bikaboneti kila siku, kwa sababu huzuia figo zisiitoe dawa. Ajihadhari pia na dawa za kikohozi zenye dekstrometofani, maana mbili hizi zinafanana katika kazi yake ndani ya ubongo.

Kifafa. Makundi yote mawili yanahitaji tahadhari kwa mwenye kifafa. Zaidi ya hapo, fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huifanya donepezili iondoke mwilini haraka kabla haijafanya kazi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya vivyo hivyo. Lakini angalizo: fenobabitoni haiachwi ghafla hata siku moja. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Kutetemeka kwa Parkinson. Rivastigmini ndiyo iliyothibitishwa zaidi kwa demensia inayoambatana na ugonjwa huu, ingawa inaweza kuongeza kutetemeka kidogo.

Kiharusi na presha. Ikiwa kusahau kumetokana na mishipa ya damu, dawa muhimu kuliko zote ni ile ya presha, ikimezwa kila siku bila kuruka. Kila kiharusi kinachozuiwa ni sehemu ya akili iliyookolewa.

DAWA ZINAZOIBA AKILI

Tumesema asetilikolini ndiyo kemikali ya kumbukumbu. Basi jua, ndugu msomaji, kwamba zipo dawa za kawaida kabisa zinazoizuia kemikali hiyo hiyo. Mzee anayemeza donepezili asubuhi na dawa hizi usiku ni kama mtu anayejaza maji ndoo iliyotoboka.

Dawa hizo ni pamoja na Piriton, Phenergan, amitriptilini ya usingizi na maumivu ya neva, oksibutinini ya kuzuia mkojo, na benzeksoli wanayopewa wagonjwa wa akili. Zote hukausha mdomo, huzuia choo na mkojo, na humchanganya mzee. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, aliongoza kazi ya kutoa orodha ya dawa ambazo wazee waepushwe nazo. Orodha hiyo imeendelea kurekebishwa, na toleo la 2023 bado lina dawa za aina hii.

Diazepamu, yaani Valium, nayo ni ya kuogopwa. Humlewesha mzee, akaamka usiku kwenda chooni akaanguka. Lakini kama ameitumia kwa muda mrefu ipunguzwe taratibu kwa mpango wa daktari, isikatwe siku moja.

Kisha kuna dawa za kutuliza fujo: haloperidoli, klopromazini, olanzapini, risperidoni. Familia iliyochoka huziomba ili mzee akae kimya. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia majaribio 17 ya dawa mpya za kundi hili kwa wazee wenye demensia. Katika muda wa wiki kama 10, waliokufa miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa takriban asilimia 4.5, na miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 2.6. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kwa dawa za zamani pia. Mgonjwa wa Lewy au wa Parkinson akipewa haloperidoli anaweza kukakamaa mwili mzima. Zipo hali ambazo daktari atalazimika kuzitumia, kama mzee anataka kudhuru watu, lakini iwe kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi na kwa sababu inayojulikana. Kabla ya hapo ulizeni: anapiga kelele kwa nini? Mara nyingi ni maumivu, choo kigumu, njaa, au amevalishwa nguo na mtu asiyemtambua.

Kosa lingine ni dawa kuzaa dawa. Mzee anaanza donepezili, pua inamtiririka, anapewa Piriton. Mkojo unamponyoka, anapewa oksibutinini. Sasa akili imeharibika kuliko mwanzo, na familia inasema ugonjwa umezidi. Dalili mpya baada ya dawa mpya, ishuku dawa kwanza.

MITI SHAMBA NA VIDONGE VYA MNADANI

Katika minada yetu huuzwa vidonge vya kuongeza kumbukumbu, na vingi husifiwa kuwa vina mti wa ginkgo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2008, uliohusisha wazee zaidi ya 3,000, haukuona kuwa ginkgo inazuia demensia. Kwa anayetumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Habasoda na asali wengi tunavitumia. Lakini asali ni sukari, mwenye kisukari ahesabu. Mizizi ya kuchemsha nayo mwambieni daktari bila kuficha. Hakuna atakayewacheka, na akiwacheka kosa ni lake.

JINSI YA KUANZA NA KUFUATILIA

Mkishafika hospitali yenye daktari na maabara, iwe ya wilaya Mbulu, Haydom, au rufaa ya KCMC Moshi, na daktari akaona dawa inafaa, kanuni ni ndogo kwa kuanzia, taratibu kwa kupandisha.

Donepezili huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku, mara nyingi usiku. Baada ya wiki 4 hadi 6 daktari anaweza kuifikisha 10. Ikileta ndoto mbaya, huhamishiwa asubuhi. Rivastigmini ya vidonge huanza na miligramu 1.5 mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Mzee akiiruka zaidi ya siku 3, asirudie dozi kubwa aliyokuwa nayo, bali arudi kwa daktari aanzishwe upya chini. Ipo pia ya kubandika kwenye ngozi, nayo haisumbui tumbo sana. Bandua ya jana kabla ya kubandika ya leo, kwani mbili kwa pamoja ni sumu. Memantini huanza na miligramu 5 kwa siku na kupanda kila wiki hadi 20 kwa mwenye figo nzima.

Baada ya miezi 3 hadi 6 kaeni na daktari mjiulize kama kuna nafuu. Kama hakuna, au madhara yamezidi, dawa ipunguzwe taratibu na kuachwa. Kuacha dawa isiyofaa si kumtupa mzee.

Mzee mwenye demensia asiachiwe dawa zake mwenyewe. Atameza mara mbili, au hatameza kabisa na kusema amemeza. Achaguliwe mtu mmoja wa kumpa, na dawa zifungiwe mbali na watoto.

Kuhusu Ramadhani, hukumu ya mtu aliyepotewa na akili mwulizeni sheikh wenu, naye atawaeleza kuwa kufunga hakumlazimu. Kwa upande wa afya tunasema hivi: mzee mwenye demensia anayetumia dawa za kisukari au presha asishindishwe na njaa na kiu eti kwa kuwa ameshika kwamba ni mwezi wa toba. Hawezi kukueleza kuwa sukari imeshuka.

TURUDI NAMBIS

Sasa tumrudie bibi yetu. Mwanawe asiuze mbuzi kwanza. Achukue mfuko, atie ndani kila kitu bibi anachomeza: vidonge vya kliniki, vya dukani, vya mnadani, mizizi na dawa ya kifua. Aende naye hospitali akiwa na mfuko huo pamoja na karatasi yenye majibu ya mambo haya: kusahau kulianza lini, kulianza ghafla au taratibu, ameanguka, amezimia, anapata degedege, analala vipi.

Daktari akiufungua mfuko ataona nini? Piriton ya kila usiku, ambayo peke yake inaweza kumchanganya. Diklofenaki inayokula tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na inayoweza pia kumbana mwenye pumu. Atenololi, ambayo hushusha mapigo na haipatani na pumu, kwa hiyo huenda ikabadilishwa na dawa nyingine ya presha. Hapo bado hajaandika dawa yoyote ya kusahau. Huenda bibi akarudi nyumbani na dawa chache kuliko alizokwenda nazo, na baada ya wiki chache akawa na nafuu.

Ikiwa baada ya kuondoa hayo bado anapotea njia, ndipo sasa swali la dawa linapokuwa na maana. Kwa pumu yake na mapigo yake, daktari atapima umeme wa moyo na kreatinini, kisha aamue kati ya kuanza kidogo kwa uangalizi au kusubiri. Familia yenye majibu hayo mkononi inajua inanunua nini.

Maswali ya kumwuliza daktari ni haya, yakateni muyaweke ndani ya cheti cha kliniki:

1. Je, una uhakika kuwa ni demensia, na ya aina gani?
2. Kati ya dawa anazotumia sasa, ipo inayoharibu kumbukumbu?
3. Moyo wake, kifua, tumbo, figo na kifafa vinairuhusu dawa hii?
4. Tukiona dalili gani tusimamishe na kurudi?
5. Tutajuaje kuwa inasaidia, na tutaiacha lini?

Ulizieni pia msamaha wa gharama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wenye miaka 60 na kuendelea, na iliweka msingi wa wazee wasio na uwezo kutibiwa bure.

Mwisho, ndugu msomaji, dawa si kidonge tu. Huko Hai watafiti waliwakusanya wazee wenye demensia katika vikundi, wakazungumza mambo ya zamani, wakaimba na kucheza kwa mikutano 14 ndani ya wiki 7. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kumbukumbu zao. Hilo hata Nambis linawezekana. Mketi na mzee jioni, mwulize alipolima shamba la kwanza, mwache achambue maharage, mwite kwa jina lake. Atasahau ulichomwambia, lakini uso wako utamtuliza. Na dawa ya namna hii haina ugomvi na moyo, kifua wala figo.